Wiki za Kumngoja Mama Azikwe

Mama alifia jikoni kwetu Bredäng, mjini Stockholm, asubuhi ya Jumanne, mwezi wa pili mwaka 1975, akimenya viazi. Mimi nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Binti yangu Norah, aliyekuwa hajaanza shule, ndiye aliyetoka kwenda kugonga mlango wa jirani na kumwambia kwa Kiswidi, "Mormor amelala chini, haamki." Mormor, ndivyo watoto wa huku wanavyomwita mama wa mama yao.

Nilipofika, watu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshamfunika. Jirani alikuwa amewachukua watoto. Nilisaini nilipoambiwa nisaini, wakamteremsha kwa lifti, nikabaki peke yangu. Jiko lilikuwa bado linawaka, maji yanachemka bure. Nililizima. Halafu nikakaa pale alipokuwa amekaa, nikachukua kisu, nikamalizia viazi vilivyobaki. Sikujua la kufanya jingine.

Mume wangu Ladislaus alirudi kutoka kiwandani Södertälje akiwa bado na nguo za kazi. Alilia mlangoni, kabla hata hajavua viatu. Nilimpa taulo.

Kesho yake tulikwenda ofisini kuuliza habari za maziko. Yule mama wa ofisini, mpole kabisa, alituambia zamu yetu ingefika baada ya wiki tatu hivi.

"Wiki tatu?" Ladislaus akaniuliza kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga. "Mtu amekufa jana, Mama Norah. Atakaa wapi wiki tatu?"

"Kwenye baridi," nikamjibu. "Ndivyo wanavyofanya."

Kwetu Bukoba, Mama angekuwa ameshazikwa. Watu wangekuwa wameshakata migomba ya kutengeneza banda la matanga. Hapa walikuja wenzetu wa Stockholm: Watanzania, Waganda, na Mueni, dada wa Kikenya ambaye mtoto wake alikuwa akishinda kwa Mama kila siku. Walijaa sebuleni, wakaimba, wakapika. Siku za kwanza walilala hata sakafuni. Lakini matanga ya wiki tatu hakuna anayeyaweza. Watu wana kazi. Wiki ya pili walikuwa wanakuja jioni mmoja mmoja, wanakaa na makoti yao, wananiuliza nimekula nini. Nikawa na mimi nimerudi kazini. Niliwabadilisha wazee nguo, niliwalisha, niliwageuza. Mikono ilifanya kila kitu kama zamani.

Ndipo nikaamua kwamba nitamwosha Mama mwenyewe.

Kazi hiyo naijua. Pale nyumba ya wazee tukifiwa, sisi ndio tunaoosha maiti na kuivika kabla haijachukuliwa. Nilikuwa nimeshawaosha bibi wengi wa Kiswidi, wengine nisiowajua hata majina yao yote. Niliona si sawa mama yangu mwenyewe aoshwe na mgeni. Mzee wa chumba cha maiti alisita kwanza, kwa sababu hospitali huwa inafanya yenyewe. Nikamwambia kazi ninayofanya. Akanifungulia, akaniletea maji ya vuguvugu, akatoka.

Nilikuwa na Domina, mwenzetu wa kutoka Kanyigo anayekaa Upplands Väsby. Domina alianza kulia tangu kwenye ngazi.

"Inua mkono," nikamwambia. "Sasa mgeuze kwangu. Taratibu. Shika bega."

"Adelina, huyu ni mama yako."

"Najua. Shika bega."

Alishika. Tukaosha mgongo, tukaosha miguu. Kwenye ugoko wa kushoto Mama alikuwa na kovu refu, jeupe. Domina aliliangalia akauliza ni la nini. Nikamweleza huku naosha.

Baba alipofariki mimi nilikuwa bado sijapata komunyo ya kwanza. Tulikuwa watoto watano, na wawili wa marehemu mama mkubwa. Arobaini ilipokwisha, baba wadogo walikuja kumwambia Mama arudi kwao, kwa sababu kibanja, lile shamba letu la migomba na kahawa, ni cha ukoo na yeye si wa ukoo. Walikuja asubuhi, wakaanza kung'oa mimea ya mpaka. Mama alikuwa analima maharage chini ya migomba. Hakuinua kichwa. Aliendelea kulima kuwafuata, mstari kwa mstari, mpaka akafika pale walipokuwa wamesimama. Jembe likateleza likamkata ugoko. Damu ikamwagika, yeye akaendelea kulima.

"Baba mdogo akapiga kelele, 'Mwanamke, simama, utakufa!'" nikamwambia Domina. "Mama akamjibu, 'Nikisimama, hawa watoto watakula nini?' Wakaondoka. Hawakurudi."

"Na wewe uliona?"

"Nilikuwepo. Kaka Severin ndiye aliyemfunga kidonda, kwa jani la mgomba na kamba."

Domina alitoka nje kidogo. Mimi nilimpaka Mama mafuta, nikamvika gauni lake la Pasaka, nikamfunga kitambaa kichwani kama alivyopenda, fundo nyuma. Nilipomaliza nilinawa mikono kwa dawa, kwa mazoea, kama ninavyonawa kazini.

Kibanja kile ndicho kilichotusomesha sote. Alichuma kahawa, akaianika, akaibeba kichwani hadi chama cha ushirika. Alipika pombe ya ndizi, akakata nyasi za kutandika nyumba za watu. Sikumbuki kumwona amekaa bure. Hata kanisani alikuwa akisimama nyuma, mtoto wa mtu mgongoni.

Mwaka 1967 nilipata nafasi ya kuja huku kusomea uuguzi, nikaolewa hukuhuku. Miaka mitano baadaye nilipojifungua mtoto wa pili, Matayo, nikaugua, Mama alikuja. Alisema anakuja kwa miezi michache. Alitukuta tunaishi ghorofa ya saba, hakuna ardhi. Wiki ya kwanza alifua nguo zote ndani ya beseni la kuogea, ingawa chini kulikuwa na mashine. Kiangazi kilipofika alichimba kipande cha nyasi nyuma ya jengo, akapanda maharage. Msimamizi wa nyumba alikuja kumkataza. Mama hakuelewa hata neno. Akamletea kiti na sahani ya chakula. Yale maharage tuliyavuna. Miezi michache ikawa miaka. Watoto wa wenzetu wakawa wanaletwa kwake alfajiri, Waganda, Wakenya, wote anawasemesha Kiswahili chake cha Kihaya, na wao wanamjibu Kiswidi.

Siku chache kabla ya maziko, padre alikuja nyumbani. Alitaka kumjua marehemu ili aseme habari zake kanisani.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza.

"Alifanya kazi," nikasema.

Aliandika. Akangoja. "Na alipenda nini? Yeye mwenyewe?"

Nilimwangalia Ladislaus. Nilijua Mama alitutakia nini kila mmoja wetu. Nilijua hakupenda ndizi za madukani, maana alisema zimeivishwa kwa haraka kama mimba ya aibu. Lakini alichokipenda yeye, nilikitafuta nikakikosa.

"Alipenda treni," akasema Norah, kwa Kiswidi. Alikuwa chini ya meza na mwanasesere wake.

"Treni gani?" nikamuuliza.

Akatueleza kama jambo la kawaida. Kukiwa na baridi sana na wao wamemaliza kula, Mormor aliwavalisha wote makoti, wakapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mwisho, Ropsten, kisha wakarudi. Hawakushuka kununua chochote. Mormor alikaa dirishani.

"Akifanya nini? Akishona?"

"Alikaa tu," alisema Norah. "Mikono hivi." Akaweka mikono yake mapajani, viganja juu. "Treni ikitoka nje kwenye maji, anasema, tazameni. Halafu anatabasamu peke yake."

Padre aliandika na hilo. Nilikwenda jikoni kuweka maji ya chai, nikasimama pale mpaka Ladislaus akaja kuniambia kwamba yamekauka.

Tulimzika Ijumaa. Theluji ilikuwa imerundikwa pembeni, na kaburi limechimbwa kwa mashine, kuta zake zimenyooka kama za sanduku. Tulikuwa wengi. Mueni aliimba kwa Kikamba, akashindwa kumaliza. Watu waliniangalia, wakinisubiri nilie. Nilitupa udongo wangu, ukagonga kama mawe kwa sababu ulikuwa umeganda. Nikamshika Norah mkono, tukaenda kwenye basi.

Jumapili simu ililia. Alikuwa kaka yangu Severin, akipiga kutoka posta mjini Bukoba, amefunguliwa na mtu anayefahamiana naye. Tulikuwa tumempelekea simu ya maandishi siku ile ile Mama alipofariki. Mwanzoni alikuwa amedai mwili urudishwe, halafu akaelewa kwamba hatuna uwezo huo.

"Tumezika mgomba badala ya mwili," akasema. "Kando ya Baba. Hata baba mdogo alikuja, yule yule, anatembelea fimbo siku hizi. Alilia kuliko wote. Shangazi hawana sauti tena. Na ninyi?"

"Tulimzika juzi. Watu walikuja wengi."

"Nakuuliza wewe, Adelina. Umelia?"

"Kaka, simu haisikiki vizuri."

"Mimi nakusikia vizuri kabisa."

Nilikaa kwenye kiti cha koridoni. Sebuleni Ladislaus alikuwa anamlisha Matayo. Sikuwa na cha kumpa Severin, basi nikampa nilichokuwa nacho.

"Mama alikuwa anapanda treni," nikamwambia. "Na watoto. Mchana sisi tukiwa kazini."

"Akienda wapi?"

"Hakuwa anaenda popote. Alikuwa anakaa tu dirishani, anatazama maji."

"Mama? Amekaa?"

"Amekaa. Mikono mapajani."

Nilidhani simu imekatika. Kisha nikamsikia kaka yangu, mtu mzima, baba wa watoto sita, akilia kule posta mbele ya watu. Sikumwambia anyamaze. Niliibana simu sikioni, nikamsikiliza mpaka dakika zake zilipokwisha.