Alama Moja ya Sawasawa

Warda alikuwa akinywa chai mbele ya kompyuta, katika ofisi ya mradi wa maji pale Kibiti, mama yake alipoingia, mikono ikiwa ya buluu mpaka viwikoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kwetu tuko hivi wote tangu Ijumaa," alisema Bi Mwanabibi, akaketi. "Shehe kasema rangi haizuii udhu. Kinachozuia ni maji, hakuna."

Kijiji chao kiko nje kidogo ya Mohoro. Warda ndiye aliyetengeneza ukurasa wa mradi mtandaoni: jina la kijiji liwe la buluu bomba likitoa maji, jekundu likikauka. Tangu Ijumaa vijiji vyote vilikuwa vya buluu. Bosi wake, Nassibu, alimsifu mbele ya wenzake, naye akashukuru.

Alifungua msimbo, yale maagizo yanayouendesha ukurasa. Hakuhitaji kutafuta, kosa alikwishaliona Jumamosi. Kwenye sharti la rangi aliweka alama moja ya sawasawa badala ya mbili. Zikiwa mbili, kompyuta huuliza kama maji yanatoka. Ikiwa moja, haiulizi. Huamua kwamba yanatoka, kisha hupaka rangi. Akamweleza mama yake yote, na siku aliyoliona.

"Uliliona, ukaliacha?"

"Nilikuwa nimeshasifiwa, Mama."

Akaongeza alama. Jina la kijiji likawa jekundu, na mikono ya mama nayo, taratibu, kuanzia kwenye kucha. Bi Mwanabibi aliigeuzageuza.

"Hii angalau ndiyo kweli," alisema.

Nassibu akatokeza mlangoni, simu mkononi. "Warda, wafadhili wanafika saa nane. Mbona kote kwekundu?" Akamwona mgeni. "Shikamoo, mama. Pole na mikono." Kisha kwa Warda, kwa sauti ya chini: "Rudisha ilivyokuwa. Wakiondoka tutaongea."

Warda alikuwa na la kusema. Alitazama kibodi, akafuta alama. Hakugeuka kumtazama mama yake buluu ikirudi.

Wafadhili walikuja, wakaupiga picha ukurasa, wakala pilau, wakaondoka. Nassibu aliondoka nao.

Jioni Bi Mwanabibi aliomba dumu. Warda alilijaza kwenye bomba la uani, akalibeba mpaka stendi, akitembea hatua moja nyuma ili asiione ile mikono.

"Wataniuliza kule kijijini," mama alisema, mguu mmoja ukiwa tayari garini.

Warda akampandishia dumu.

"Nitawaambia bado unalitafuta kosa."