Moto wa Mwahija

Hapa Nyahanga hakuna mtu aliyebaki anayevijua vita vya Bama, kule Asia, kama ninavyovijua mimi. Niulizeni mizinga, niulizeni Wajapani, niulizeni meli za askari. Lakini msiniulize sana, kwa maana vita vilipokuwa vikipiganwa nilikuwa na miaka saba, Wajerumani niliwadhani ni aina ya nzige, na adui pekee aliyewahi kunimwaga damu alikuwa jogoo wa Mama Herman. Hata hivyo vita vilipita kwetu pia. Vilipita bila bunduki, mikononi vimeshika michi ya kutwangia.

Mwaka ule wa njaa mvua ilituaga bila kusema itarudi lini. Vijana walipandishwa malori ya serikali, na ng'ombe wakachukuliwa nyuma yao kwenda kuwalisha, tukabaki wanawake, wazee na mbu. Dukani hapakuwa na nguo wala kiberiti. Wanawake wazima walivaa magunia yaliyotobolewa pa kutokezea shingo. Na moto, kama zama za mababu, uliombwa kwa jirani: asubuhi unachukua kigae chako, unapiga hodi, unasalimia vizuri, unapewa kaa. Asiyejua kusalimia alitafuna michembe mikavu ya viazi kama mbuzi.

Katikati ya magunia hayo alipita Mwahija, amevaa kanga.

Alikuwa mke wa Maulidi, fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani kwa Mhindi. Maulidi alimtoa Tabora, akakaa naye msimu mmoja wa mvua, kisha lori likamchukua. Kwa kuwa alikuwa mke wa askari, Mwahija alipewa posho bomani, na mara moja moja kitambaa. Sisemi alikuwa mzuri, maana neno hilo limeshachakaa kwa kuvalishwa kila bibi harusi. Alikuwa na uzuri uliozidi kile kiasi ambacho mji mdogo unaweza kukisamehe. Akienda kisimani, wazee waliokuwa wakilalamikia magoti tangu Pasaka walikumbuka ghafla kwamba kamba ya ndoo inahitaji kukaguliwa.

Kaka yangu Kalisti alikuwa na miaka kumi na mitano, na maji ya kuoga hayakuwa rafiki yake. Basi kijana huyo, katikati ya ukame, akaanza kuoga mara mbili kwa siku. Alichana nywele kwa kipande cha kitana hadi zikapata njia katikati. Siku moja alimwuliza mama kama Mkristo anaweza kufunga Ramadhani bila padri kujua.

"Mtoto huyu ameingiwa na jini," mama alisema, "au ameingiwa na sabuni?"

Mama yetu aliitwa Generosa. Baba alikuwa mgodini Geita akichimba dhahabu asiyoruhusiwa kuishika, na mama alikuwa mkuu wa kundi la wanawake la kulima. Akisema jembe chini, majembe yanalala. Akisema juu, yanaamka. Hata mvua, nadhani, ilikataa kunyesha kwa kuogopa kuulizwa ilikuwa wapi.

Mambo yaliharibika siku homa ilipompanda mume wa Mama Herman. Katika kuweweseka, badala ya kumwita Yesu kama alivyofundishwa, mzee wa watu aliita, "Mwahija! Mwahija, kamba imekatika!" Alipona homa. Ndoa haikupona. Kesho yake shambani Mama Herman alitupa jembe chini.

"Jamani, sisi tunavaa gunia, yeye anavaa kanga. Ninyi waume zenu wako mbali, wake yuko mbali. Mbona yeye hakondi?"

"Pengine anakula," alisema bibi mmoja, kwa kuwa hakuwa na akili ya kunyamaza.

"Anakula nini? Anatula sisi!"

Mama akaangalia nyuso za wenzake, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimekaa kwenye tuta nikila udongo, nikamwona akipima. Kiongozi wa wanawake wenye njaa hana mkate wa kuwagawia; ana mtu tu wa kuwagawia. Akasema, "Tumemnyima moto."

Adhabu hiyo kwetu si ya kuchezea. Mtu akinyimwa moto amenyimwa ujirani. Hapewi kaa, hasalimiwi, kisimani anachota wa mwisho, na akifa watamzika watu wa mbali. Na yeyote atakayempa kaa kwa siri, adhabu inahamia kwake, kwake na nyumba yake nzima.

Siku za kwanza paa la Mwahija halikutoa moshi. Alikula alichoweza kukilowanisha. Halafu asubuhi moja, kabla jua halijapanda, niliamka nikamkuta Kalisti amechutama mekoni kwetu, anachagua makaa kama mwanamke anayechagua mchele. Aliyaweka kwenye kigae, akayafunika jivu, akainuka. Akaniona.

"Ukisema," alininong'oneza, "nitakuuza kwa Wajapani."

"Wanalipa nini?"

Alinipa michembe. Ndiyo rushwa yangu ya kwanza, na hadi leo sijapata nyingine tamu kama ile. Nikamfuata hadi kwenye ua wa minyaa, nikachungulia. Mwahija alifungua mlango nusu. Alikuwa amepauka midomo. Alikipokea kigae kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea kitoto kichanga, akasema, "Ahsante, baba."

Kila mwanamke wa kwetu humwita mtoto wa kiume "baba"; hata mimi nimewaita hivyo watoto waliokuwa wakinikojolea mapajani. Lakini Kalisti alirudi ameinua kifua. Neno lile aliliweka mahali ambapo mwenye nalo hakulipeleka. Tangu siku hiyo aliacha kucheza na wenzake, akawa anatembea polepole mikono nyuma, mume wa siri wa mwanamke asiyejua kuwa ameolewa.

Akapeleka makaa asubuhi baada ya asubuhi. Vidole vyake vikababuka, akamwambia mama ameungua akiokoa ndama. Ndama hatukuwa naye. Mama alikuwa na mambo mengine: moshi ulikuwa umeanza kuonekana juu ya paa la Mwahija, na wanawake waliutazama mstari ule mwembamba kama watu wanaotukanwa hadharani.

"Kuna mtu anampa," alisema Mama Herman.

"Nitamjua," mama alijibu. "Nitakwenda meko kwa meko. Nikimpata, hata awe mwanangu wa kumzaa, naye atakula mbichi."

Alisema kwa sauti ya kisimani, ya kusikika. Mwahija, aliyekuwa amesimama kando akingoja zamu yake ya mwisho, alisikia. Na alikuwa ameshaviona vidole vya Kalisti.

Asubuhi iliyofuata kaka yangu alifika na kigae chake akakuta moto unawaka. Chungu kinatokota. Mwahija anatabasamu.

"Leo usisumbuke, baba. Moto ninao."

"Nani amekuletea?"

Alicheka, akaweka kidole mdomoni. "Hiyo siri yangu."

Ningekuwa na uwezo wa kufuta kicheko kimoja tu duniani, ningefuta kile. Alidhani anamtua mtoto mzigo. Kumbe alikuwa amemvua ufalme.

Kalisti aligeuka, na hapo akaona makubazi ya kiume mlangoni. Makubazi makubwa, ya ngozi, yameelekezwa ndani. Mwanamke wa mjini anayelala peke yake huweka viatu vya mumewe kizingitini ili mwizi adhani mwenye nyumba yumo. Hata watoto wa Tabora wanalijua hilo. Mtoto wa Kisukuma, aliyekulia kwenye nyumba ambazo mbwa ndiye mlinzi, aliona viatu akajua kuna miguu.

Alirudi na makaa yake yamezimika. Hakula. Alikaa mchana kutwa kwenye kivuli cha ghala, akivunjavunja vijiti, kila kijiti akikivunja mara mbili. Nilimletea michembe akanitazama kana kwamba simo katika ukoo wake. Jua lilipoinama alimfuata mama aliyekuwa akichambua mlenda.

"Mayu. Yule mwanamke ana mwanamume. Ndiye anayempa moto. Nimeviona viatu vyake."

Mama hakuinua uso. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Alisema hivyo kwa sauti mpya, nzito, iliyomfika siku ileile. Nimesikia wanaume wengi tangu hapo wakianza utu uzima wao kwa neno baya.

Kulipopambazuka wanawake walitoka na michi. Nilikwenda nimeshika gunia la mama. Walivunja mlango, wakapekua chini ya kitanda, darini, nyuma ya mtungi. Hapakuwa na mwanamume. Makubazi yalikuwa na utando wa buibui. Mama akasogea mekoni. Kando ya mafiga palikuwa na shimo dogo lililojazwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka, yamefunikwa jivu. Akachokoa kwa mchi. Chini yake makaa yakafumbua macho, mekundu.

Kila aliyekuwa mle ndani alizaliwa zizini. Kila mmoja alimwona babu yake akilaza moto ndani ya mavi makavu, ukaamka kesho yake bila kuomba mtu. Mwanamke wa Tabora alikuwa amejifunza elimu yetu kwa kutazama. Alikuwa amelilea kaa moja, usiku na mchana, asimwombe yeyote.

Nilimwona mama akishusha mchi. Naapa alishusha. Lakini umati uliokwisha kutoka na michi haujui njia ya kurudi nayo mitupu, na Mama Herman akapata swali.

"Na kaa la kwanza? La kwanza lilitoka wapi?"

Mwahija alitutazama. Mlangoni, nyuma ya mabega ya wanawake, alisimama Kalisti, na vidole vyake alikuwa amevificha kwapani. Macho ya Mwahija yalipita juu yake bila kutua, kama nzi anavyopita juu ya kidonda anachokijua.

"Nilipewa na mwanamume," alisema. "Mpita njia. Simjui jina."

Hilo ndilo walilokuwa wakilitaka. Sitawaandikia walichomfanya; mkono wangu huu ni wa kuandika utani, mengine unayakataa. Nitasema tu kwamba kanga ilichanwa vipande, na kila mmoja aliondoka na chake, na hakuna aliyepata kinachotosha hata kufungia kichwa. Walibomoa paa. Walimsindikiza hadi njia ya Geita na kelele zao. Kalisti alisimama palepale mlangoni hadi nyumba ikawa haina mlango.

Aliacha kuoga. Njia ya nywele ikafunga. Shuleni mwalimu alimwuliza jambo, akajibu kwamba hajui, na tangu hapo akawa hajui chochote. Mama hakuwahi kulitaja jina la Mwahija tena, ila asubuhi alizoea kusimama uani akitazama upande ule, ambako hakukuwa na paa wala moshi, kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote ya uani inavyohitaji. Mvua ilirudi. Magunia yakavuliwa. Waliokufa Bama walitangazwa bomani, na wazima wakaanza kurejea mmoja mmoja, wakiwa na makoti mazito yasiyofaa jua letu.

Maulidi alikuja kwetu wakati wa kiangazi, amekonda, koti amelibeba begani. Mama alikuwa jikoni, mvuke umemjaa. Mimi na Kalisti tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Kalisti alikuwa na ndevu za kwanza.

"Shikamoo," alisema kaka yangu.

"Marahaba. Hapa ndipo kwa Mama Kalisti?"

"Ndipo."

Maulidi hakukaa. "Nilimkuta mke wangu Geita, kwenye kambi ya wachimbaji. Alikuwa akipika uji wa kuuza. Kifua kilikuwa kimemla, amebaki macho." Akalihamishia koti bega la pili. "Nimemzika mimi mwenyewe. Nashukuru kwa hilo, wenzangu wengi wameyakuta makaburi."

"Pole," nilisema mimi, Kalisti akiendelea kupukuchua.

"Kabla hajakata kauli alinituma huku. Alisema, mji mzima ulininyima moto, isipokuwa mtoto mmoja. Aliniungulia vidole. Ukifika, mshike mkono wake, umwambie sikumsahau." Akamtazama kaka yangu kwa upole ambao sijapata kuuona tena kwa mtu aliyetoka kuua watu. "Wewe ndiwe Kalisti?"

Punje za mahindi zilianguka kutoka mkononi mwa kaka yangu, moja moja.

"Hapana," alisema. "Mimi Donatus. Kalisti amekwenda Geita, kuchimba."

Nilifungua kinywa. Alinitazama, nikakifunga.

"Lo. Tumepishana njiani." Maulidi alifikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Basi nishike wewe, ndugu yake. Akirudi umfikishie."

Kalisti alikuwa akiutazama mkono ule, wake umelala juu ya magunzi, wakati sauti ya mama ilipotoka jikoni, kali, yenye haraka ya ukarimu.

"Kalisti! We Kalisti! Mgeni umempa kiti, au umemsimamisha juani?"

Maulidi hakuushusha mkono.