Swichi za Mama Lori

Komeo la mlango wa jikoni liligonga, tik, na dereva akafumbua macho gizani akatega sikio. Kwa kawaida baada ya komeo zilifuata kandambili za mama yake zikiburuzika uani, kisha mlango wa lori ukalia kwa kutu, kisha redio. Alfajiri hiyo baada ya komeo yalifuata maji yakimiminwa sufuriani. Kumbe ni mkewe.

Mkewe aliporudi chumbani alimkuta amekaa kitako kitandani.

"Mama hajatoka?"

"Hajatoka. Lakini yuko macho. Amekaa ukingoni mwa kitanda, kajitanda shuka, kimya. Nimemsalimia, kaitikia vizuri kabisa, kaniuliza kama tumelala salama."

"Hakusema kitu?"

"Kasema unga unakaribia kwisha." Mkewe akamtazama. "Ulitaka aseme nini?"

Dereva aliinuka. Alivaa shati, akatoka akaliwasha lori mwenyewe, kwa mara nyingine, kwenye kiti cha baridi.

Lori lile lilikuwa la wazazi wake. Baba yake alikuwa makanika, na aliyeshika usukani alikuwa mama. Watu wa barabara nzima walimwita Mama Lori. Mwanzoni wapo waliomcheka, baadaye wale wale wakawa wanamwomba lifti. Mumewe hakuwa mtu wa maneno matamu. Ila alipoona mkewe anasafiri gizani, na swichi za dashibodi zote zimefanana kama mapacha, alichukua gundi akabandika kitu juu ya kila moja, ili mkono uijue swichi bila jicho kuhama barabarani. Moja ilipata kifungo cha shati, nyingine ushanga, nyingine kichwa cha msumari, nyingine kipande cha kitana. Hakumweleza mtu. Mkewe alipopanda siku ya pili na kugusa kifungo, alicheka peke yake mpaka utingo akadhani kapatwa na kitu.

Mumewe alifariki, lori likabaki. Kisha macho ya Mama Lori yakaanza kuingia ukungu, na daktari akamwambia usukani sasa basi. Hakulia mbele ya mtu. Alimwita mwanawe wa mwisho akamkabidhi ufunguo.

"Lori ni lako, baba," alimwambia. "Lakini asubuhi ni yangu."

Wakakubaliana hivyo. Kila alfajiri mama alipanda, akawasha injini, akasubiri upepo wa breki ujae huku akisikiliza habari redioni. Alijaribu swichi moja moja kwa vidole, akafuta kioo na dashibodi kwa kitambaa. Dereva alipotoka alikuta kiti kina joto na kioo hakina hata alama ya mdudu. Mama alishuka taratibu, akapigapiga mlango wa lori kama mtu anayemuaga ng'ombe wake, akasema, "Haya, lako hilo." Na yeye dereva, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuwahi kusema asante. Alidhani kioo hujifuta.

Kilichomponza ni mzaha. Madereva wenzake kwenye kituo cha mizigo walichungulia ndani ya lori wakaona kifungo na ushanga.

"Hili ni lori au kikapu cha mshonaji?" mmoja akauliza, na wengine wakaangua kicheko. "Tushonee suruali basi, fundi!"

Alicheka nao. Lakini mzaha ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na haukupita muda akanunua redio mpya yenye kioo kipana, pamoja na safu ya swichi nyeusi zenye vitaa vya buluu, akampelekea fundi wa umeme wa magari.

Fundi huyo aliitwa Shoti, jina alilolipata siku alipounguza pikipiki ya shemeji yake, likamganda. Tangu hapo alikuwa mwangalifu kuliko mafundi wote.

"Gari hili ni la volti ishirini na nne," Shoti alisema, akiigeuzageuza redio mkononi. "Hii ni ya kumi na mbili. Ukiichomeka hivi hivi itakuimbia wimbo mmoja tu, wa kwaheri. Lazima tuweke kipunguza umeme."

Akafanya kazi safi. Alivuta waya mpya, kila mmoja na fyuzi yake, akazifunga kwa utepe na kuzipitisha mbali na chuma chenye joto. Ilipofika zamu ya kukata tundu la redio alisimama, kidole kikiwa juu ya kile kifungo.

"Na hivi vidude?"

"Takataka za zamani. Toa."

"Mama Lori anajua?"

"Anajua," dereva akasema, akageuka kutazama njiani kana kwamba kuna mtu anapita.

Shoti alimtazama kidogo, kisha akachukua msumeno.

Kesho yake alfajiri dereva alimtangulia mama yake ndani ya lori ili amwonyeshe. Alikuwa na furaha ya kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Mama alipanda, akakaa, akanyoosha mkono bila kutafuta, kama alivyozoea. Vidole vikagonga kioo. Redio ikawaka, ikaangaza uso wake. Akapeleka mkono kushoto, akaurudisha kulia, akaushusha. Kote kuliteleza tu. Alipapasa kama mgeni anayetafuta mlango gizani katika nyumba ya watu.

"Vya baba yako viko wapi?"

Dereva alifungua kinywa aseme kweli, na uongo ukatoka mzimamzima, pamoja na moshi wake.

"Viliungua, mama. Waya zilipiga shoti tukiwa tunafunga. Bahati tu lori zima halikushika moto."

"Maskini! Na ninyi hamkuumia?"

"Hatukuumia."

"Basi hilo ndilo la maana." Akaigusa tena redio, kwa ncha ya kidole, kwa adabu. "Imependeza, mwanangu. Inang'aa hata mimi naiona."

Akashuka. Hakupigapiga mlango. Na tangu siku hiyo komeo la alfajiri likawa la mkewe tu.

Wiki nzima dereva aliendesha na vile vitaa vya buluu vikimtazama kama macho ya jirani. Redio iliimba vizuri mno. Aliizima. Kilio cha mama angekivumilia, maana angepata pa kubembeleza. Ule upole ndio uliomshinda: kuulizwa kama chai imetosha sukari, kuambiwa aende salama, na mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyang'anya asubuhi yake.

Mwishowe alikwenda kwa Shoti. Hakuwahi hata kusalimia.

"Ehe, karibu, bwana moto!" Shoti alisema, akainua chupa ya chai kutoka mezani. "Unaijua hii?"

Dereva aliijua. Ilikuwa chupa ya nyumbani kwao, ile yenye kifuniko kilichopasuka.

"Mama yako kaniletea mwenyewe, anapapasa ukuta njia nzima. Kanishukuru kwa kuliokoa lori lisiungue. Kanishika mkono, kaniombea. Nimekunywa chai ya watu, bwana, ya kuzima moto ambao sijauona! Lori gani hilo lililoungua?"

"Shoti, ndugu yangu..."

"Undugu baadaye. Mimi jina langu lenyewe ni Shoti. Miaka yote nahangaika watu wasahau ile pikipiki, na wewe unaniongezea lori."

"Ulimwambia kweli?"

"Ningeanzaje? Nimeduwaa tu, nikasema karibu mama." Akashusha sauti. "Mbona alikuwa kama mtu aliyetoka msibani?"

Hapo dereva akamweleza yote, mpaka lile la kikapu cha mshonaji. Shoti alisikiliza akikuna kidevu. Hakumsimanga. Alisukuma chupa ya chai pembeni, akaenda nyuma ya karakana kwenye lundo la vyuma na plastiki, akapiga magoti.

"Na wewe piga magoti," akasema. "Unadhani nitatafuta peke yangu?"

Walichambua vyuma mpaka mikono ikawa myeusi. Kipande cha dashibodi walikikuta chini ya rejeta mbovu, kimevunjika katikati. Ushanga ulikuwepo. Kichwa cha msumari kilikuwepo. Kipande cha kitana kilikuwepo, kimepungua meno. Mahali pa kifungo palikuwa na doa la gundi kavu, duara, basi. Dereva alirudi akachekecha mchanga kwa vidole mpaka Shoti akamshika bega.

"Kimekwenda hicho. Nilifagia juzi."

Shoti alitoa redio ya kioo, akatafuta kwenye kabati lake redio ndogo yenye kirungu cha kuzungusha, akaifunga na kuziba pengo lililobaki kwa kipande cha bati alichokipiga msasa mpaka kisikwaruze mkono. Swichi nyeusi zilibaki. Juu yake dereva alibandika vile vitatu kwa mkono wake mwenyewe. Ilipofika kupanga akasita. Alikuwa ameliendesha lori lile muda mrefu, na hakujua kipi kilikuwa cha nini. Akabandika kwa kubahatisha.

Alfajiri iliyofuata aliyegonga komeo alikuwa yeye. Akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Mama. Injini ina baridi."

Mama alijivutia shuka. "Si unajua kuiwasha?"

"Nakuomba, mama."

Alitoka amejitanda shuka lile lile. Dereva alimshika kiwiko mpaka kwenye ngazi ya lori, akazunguka akakaa upande wa utingo. Mama akanyoosha mkono. Ukakutana na kirungu cha redio. Ukasimama pale. Kisha vidole vikashuka kwenye swichi, taratibu.

"Huu ushanga umeuweka kwenye nini?"

"Kwenye taa kubwa."

"Ushanga ni waipa, baba. Dereva akitaka taa gizani akapata waipa, ataona nini? Atafuta giza?"

Dereva alitaka kucheka, badala yake kweli ikamtoka.

"Mama, havikuungua."

Mama aliendelea kupapasa.

"Hakukuwa na moto wala shoti. Wenzangu walinicheka, nikaona haya, nikamwambia Shoti akate. Akaniuliza kama unajua, nikasema unajua. Nimekudanganya wewe na yeye. Kifungo kimepotea kabisa, mama. Nimekitafuta."

"Waya ukiungua," mama alisema, "gari hunuka majuma. Hunuka kwenye viti, kwenye nguo. Macho yangu yamechoka, lakini pua ni ile ile. Siku ile nilipanda nikanusa plastiki mpya."

"Ulijua? Na ile chai ya Shoti?"

"Nilikwenda kusikia kama na yeye atasema pameungua. Akaduwaa kama ndama. Nikajua hakuwa na habari. Basi chai yake nikamwachia, ya uaminifu."

"Kwa nini hukunigombeza, mama?"

Sasa mkono wake ulitulia, ukarudi mapajani.

"Nilidhani umechoka kunikuta humu. Nikasema mwanangu amekua, anataka lori lake lote, na asubuhi yake, ila anaona vibaya kunitamkia. Basi nikakurahisishia."

Hilo dereva hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kwa machozi. Hakujiandaa kusikia kwamba mama yake alikaa gizani alfajiri zote zile, macho wazi, akimfanyia wema.

"Sijawahi kutaka hivyo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Sasa najua." Akavuta kamasi kidogo, akajifuta pua kwa ncha ya shuka. "Kile kifungo baba yako alikikata kwenye shati alilolivaa, hapo hapo, kwa kisu. Akatembea kifua wazi mwezi mzima, nikimwambia nishone anasema aa, kunapita hewa."

Akanyoosha mkono upande wa utingo, akapata kifua cha mwanawe, vidole vikatambaa mpaka kwenye kifungo cha juu. Akakizungusha, akakivuta kwa nguvu ambayo dereva hakujua kama bado anayo. Uzi ukakatika.

"Gundi ipo?"

Ilikuwepo mfukoni. Alimpa. Mama alibandua ushanga akauhamishia kwenye waipa. Kifungo akakibandika kwenye taa kubwa, akakishikilia kwa kidole gumba ili kikamate. Walisubiri hivyo, wawili. Dereva alikitazama. Kilikuwa cheusi, kile cha baba kilikuwa cheupe. Alijua kila safari atakigusa, na kila akikigusa atakumbuka kilichokuwa pale kabla. Hakuomba aondolewe hilo.

Mama akawasha injini. Lori likatetemeka, likakohoa, likatulia. Akazungusha kirungu mpaka sauti ya msomaji wa habari ikaja, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kifungo. Ukuta wa nyumba ukawaka mwanga mbele yao.

"Asante, mama," dereva akasema. "Na kwa kioo. Kwa siku zote zile."

"Kumbe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa sioni."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akachukua kitambaa chake chini ya kiti, akaanza kufuta, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

"Shuka sasa ukanywe chai, upepo haujajaa. Na kesho uje tena unitembelee, tukae hivi. Ila ugonge kwanza. Si kwako hapa mpaka jua litoke."

"Nitagonga, mama."

"Uje kweli, lakini."