Uso wa Kopo la Nyororo

Kwa zaidi ya miaka ishirini Lorna Jelagat alikuwa akitabasamu katika kila saluni kuanzia Kitale hadi Lwakhakha, bila likizo na bila kufumba macho. Uso wake ulikuwa kwenye kopo la Nyororo, dawa ya kunyoosha nywele, na nywele zilimtelemkia mabegani kana kwamba hazijawahi kusikia habari ya mvua. Lorna mwenyewe alikuwa akiuza dawa za mifugo katika agroveti moja mjini Kitale, kitambaa kichwani mwaka mzima.

Siku moja akaingia wakili aliyeitwa Matthew, kutoka Nairobi, akikwepa magunia ya chakula cha kuku ili asichafue suruali.

"Madam Lorna! Kampuni ya Nyororo haijakusahau."

Kumbe kampuni ilikuwa na kumbukumbu nzuri sana. Ilichohitaji ni kushtakiwa tu ndipo ikumbuke.

Matthew akaeleza kwamba msusi mmoja wa Bungoma, Phelista Nelima, alikuwa ameipeleka Nyororo mahakamani. Ati dawa ilimbabua mikono na kuchoma vichwa vya wateja wake, na ati kampuni ilijua tangu mwanzo ikanyamaza. Tena alikuwa ameongezea mambo ya madaktari, kwamba kuna utafiti unaohusisha dawa za namna hiyo na magonjwa ya kizazi.

"Ni wivu wa biashara tu," Matthew akasema. "Tunataka hakimu akuone. Wewe ndiye Nyororo yenyewe. Miaka yote hii, na bado uko mzima, uko mrembo!"

Hakumuuliza kama kweli alikuwa mzima. Mtu akishajua jibu analolitaka, swali la nini? Alimwachia gauni la buluu na mfuko wenye wigi iliyofanana kabisa na nywele za kwenye kopo. Ndiyo, wigi, ya kumsaidia kuthibitisha kwamba dawa haiharibu nywele.

Jioni, nyumbani Saboti, mumewe Kimaiyo aliutazama mfuko ule kama mtu anayemtazama paka aliyekufa.

"Utaenda?"

"Nitaenda."

"Kuwasemea vizuri?"

"Kusema tu, Baba Ivy."

Kimaiyo aliusogeza mfuko ule kando. Alijua yote. Picha ile ilipotoka Lorna alikuwa msichana wa chuo, na hakuna mteja ambaye kopo lile lilimnasa kama lilivyomnasa yeye mwenyewe. Alijiona dukani, akajitamani, akajinunua. Kila nywele zilipoanza kuota za asili alikimbilia saluni, kichwa kikawaka moto, naye akauma meno, kwa kuwa yule dada wa kwenye kopo hakuonekana akilia. Nywele za mbele ziliondoka kwanza. Baada ya kumzaa Ivy, binti yao wa pekee, damu ilianza kumtoka bila mpango, uvimbe ukaonekana, na mwishowe madaktari wakamtoa kizazi. Mama mkwe alifunga na kuomba kanisani ili apatikane mjukuu wa pili. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kizazi chenyewe hakipo.

Siku ya kesi, Lorna alifika mahakamani Bungoma amevaa kama alivyoagizwa. Mlangoni alikutana na mwanamke mnene mwenye makovu yanayong'aa kuanzia vidoleni hadi viwikoni.

"Woi! Si ni wewe wa kopo!" mwanamke akashangaa. Alikuwa Phelista. "Dada yangu, nimekuona kila siku kwa meza yangu. Nimekupaka watu mpaka mikono ikaisha." Akamtazama kwa huruma badala ya hasira. "Haya, enda useme yao."

Lorna akashika Biblia, akaapa. Matthew akasimama, tai imenyooka.

"Shahidi, picha hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na nywele hizi nzuri ni zako?"

"Zilikuwa zangu."

"Zililainishwa kwa Nyororo, sivyo?"

Matthew alikuwa amesomea sheria kwa miaka mingi, lakini siku waliyofundishwa kumuuliza shahidi mambo kabla ya kumleta kortini, yeye labda alikuwa kwa kinyozi.

"Hapana," Lorna akasema. "Zilinyooshwa kwa kitana cha moto, na mafuta ya kupikia."

Watu wakaguna. Hakimu, mama mwenye miwani, akainua kichwa.

"Endelea, shahidi."

"Mheshimiwa, mimi sikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Alichaguliwa Fridah, tulisoma naye. Walimpaka hiyo dawa, kichwa kikatoka malengelenge hapo hapo, akapelekwa kwao akilia. Basi mwenye kampuni akasema mimi nisipakwe, nishike tu kopo, wasije wakakosa picha tena."

"Na hizo nywele za leo?" hakimu akauliza.

"Hizi, Mheshimiwa, ni za wakili."

Korti nzima ilicheka. Karani aliyekuwa akitaka kunyamazisha watu alikuwa amejifunika uso kwa faili. Lakini Lorna hakucheka. Aliendelea kusema jinsi alivyojipaka Nyororo miaka yote iliyofuata, damu ilivyomtoka, na alivyotolewa kizazi. Matthew akaruka. Akaomba maneno hayo yafutwe, kwa kuwa shahidi si daktari. Hakimu akakubali. Kweli Lorna hakuwa daktari. Alikuwa tu mwenye tumbo lenyewe.

Wangila, wakili wa Phelista, alimtafuta Fridah, akampata kule Misikhu akiuza mboga sokoni. Fridah alikuja, akafungua kitambaa, akaonyesha juu ya sikio mahali ambapo nywele hazikuota tena.

Hukumu ilipotoka, kampuni ilipatikana na hatia ya kuuza kitu ilichojua kinaunguza bila kuonya watu. Iliamriwa imlipe Phelista fidia na kuondoa makopo madukani hadi onyo litakapoandikwa. Kuhusu vizazi, mahakama ilisema ushahidi uliokuwa mbele yake haukutosha. Kampuni ikatangaza kwamba inajali sana afya ya mwanamke wa Kiafrika, kwa hiyo itakata rufaa. Ikaongeza kwamba uso wa kwenye kopo utabadilishwa, maana hauendani tena na maadili yake.

Phelista alimpigia Lorna simu akipiga vigelegele, akamwita Bungoma wale kuku pamoja na Fridah. Lorna alifurahi, kisha akakata simu akalia.

Jioni hiyo alimwendea mama mkwe jikoni, akamwambia kuhusu kizazi. Mama mzee alifuta mikono kwenye leso ingawa ilikuwa imekauka.

"Na mimi nilikuwa namsumbua Mungu tu," akasema. Akamshika Lorna mkono, hakuuachilia.

Asubuhi Lorna akamwambia Kimaiyo kwamba anaenda kumwona Wangila, afungue kesi yake mwenyewe.

"Wataleta maprofesa," Kimaiyo akasema. "Watakwambia tena huna ushahidi."

"Waniambie nikiwa nimekaa mbele yao."

Kimaiyo akatafuta viatu vyake vya kanisani. "Ngoja basi," akasema, "twende wote."