Timu ya Nasambu

Nasambu alikuwa hajamaliza hata wiki moja Eldoret alipoulizwa swali hilo mara ya kwanza. Aliyemuuliza ni Mzee Kipkirui, mtunza stoo katika ghala la mbegu ambako Nasambu alikuwa ameajiriwa karani. Mzee alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili, maana Julai ya Eldoret si ya kuchezewa, akamtazama karani mpya kama mtu anayekagua mahindi kujua kama yamekauka.

"Madam, wewe ni Rovers ama ni wale wengine?"

"Wale wengine ni nani?"

Mzee Kipkirui akashusha kikombe. "Ni vizuri hujui," akasema. "Ukae tu hivyo."

Jioni hiyo hiyo akawajua. Wale wengine walikuwa Chuma FC ya mtaa wa Huruma, timu ya mafundi wa kuchomelea milango na makanika wa pikipiki, na yeye alikuwa amepanga chumba katikati yao. Rovers ilikuwa ya mtaa wa West Indies, alikoishi Mzee Kipkirui. Zote mbili zilicheza ligi ndogo ya mjini, ile ambayo magazeti hayana habari nayo, lakini ambayo inaweza kufanya majirani wakose kusalimiana kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi.

"Binti yangu, hii ploti ni ya Chuma," Mama Rael, mwenye nyumba, alimwambia akimkabidhi ufunguo wa bafu. "Mpangaji wa mwisho aliyekuwa Rovers alihama."

"Alifukuzwa kwa sababu ya mpira?"

"La, alipata uhamisho Nakuru. Lakini tulifurahi."

Nasambu alicheka, kisha akaona Mama Rael hacheki.

Shida ni kwamba Nasambu, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kuwa na timu. Si kwamba mpira haukumhusu. Baba yake, Mwalimu Walubengo wa Kimilili, alikuwa refa wa mashindano ya shule kwa miaka ishirini na sita, na nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja tu iliyokuwa kali kuliko kunawa mikono: hapa hakuna timu. "Refa mwenye timu ni mwizi mwenye filimbi," mwalimu alikuwa akisema. Nasambu alianza kumshikia kibendera akiwa darasa la sita. Alijua sheria zote za mpira kama wengine wanavyojua Baba Yetu. Wenzake walipokuwa wakiruka bao likiingia, yeye alikuwa bado anaangalia miguu ya mabeki. Hakuwahi kupiga kelele uwanjani hata siku moja, na hakuona kama amekosa kitu.

Kwa hiyo Mzee Kipkirui alipomuuliza tena, akajibu, "Nafikiria." Mama Rael alipomuuliza, naye akaambiwa, "Nafikiria, Mama."

Kufikiria kukageuka kuwa kitu kizuri. Kila Ijumaa Mzee Kipkirui alimletea mursik, maziwa ya kugandishwa ya mke wake, ndani ya chupa, "ya kukusaidia kufikiria." Kila Jumapili Mama Rael alimgongea mlango na sahani ya chapati, tatu, wakati mwingine nne, akiketi kitandani kumweleza historia ya Chuma tangu walipokuwa wakicheza bila viatu. Nasambu hakuwa mtu mbaya, lakini pia hakuona haraka iko wapi. Wiki ya sita sketi yake ya kazini ilikuwa imeanza kumbana kiunoni na bado alikuwa anafikiria.

"Madam," Mzee Kipkirui akasema siku moja akimimina mursik kwa mkono uliopungua ukarimu, "hata korti haichukui muda hivi."

Lakini Nasambu hakuwa amekaa tu. Alikuwa ameziona timu zote mbili. Alienda kuwatazama Rovers wakishinda mabao matatu kwa yai, wakiwa na jezi zilizopigwa pasi na kocha mwenye daftari. Walicheza vizuri mno. Mashabiki wao walikuwa wamekuja na viti vyao vya plastiki, na bao lilipoingia walipiga makofi kama watu waliokuwa wakilingojea. Chuma aliwatazama Jumapili iliyofuata, wakifungwa mbili. Beki wao wa kushoto alikuwa yule jamaa aliyemtengenezea jiko la gesi. Mshambuliaji, Obonyo, mrefu kama mlingoti, ndiye aliyemwekea komeo mlangoni wiki aliyohamia, akalijaribu mara kumi huku akimwuliza, "Madam, sasa utalala?" Kila Chuma walipopoteza mpira, walitazamana na kuanza kulaumiana kwa majina. Nasambu alirudi nyumbani akijisikia vibaya, akadhani ni mahindi ya kuchoma aliyokula.

Kisha ikafika Jumamosi ya Rovers na Chuma wenyewe kwa wenyewe.

Uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umejaa kufikia saa tisa. Upande mmoja viti vya plastiki, upande wa pili Huruma nzima imesimama, na katikati Nasambu, karibu na kona, ambako alikuwa amechagua kusimama ili asionekane yuko na nani. Mechi ilikuwa ianze saa tisa na nusu. Haikuanza. Mshika kibendera mmoja alikuwa amefika, wa pili ilisemekana yuko njiani kutoka Turbo, na baadaye ikasemekana bado yuko Turbo.

Refa, mwalimu mmoja mkali aitwaye Kiprotich, aliwaita manahodha. Rovers wakapendekeza mtu, Chuma wakasema huyo ni binamu ya kipa wa Rovers. Chuma wakapendekeza mtu, Rovers wakasema huyo juzi alionekana akiwabebea Chuma mipira. Wakabishana mpaka refa akapuliza filimbi masikioni mwao.

"Hapa uwanjani," akauliza kwa sauti, "hakuna hata mtu mmoja ambaye hana timu?"

Halafu Mzee Kipkirui akasimama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki akanyoosha kidole kuelekea kona. Wakati huo huo, ng'ambo ya uwanja, Mama Rael naye alikuwa amenyoosha chake.

"Yule!" wakasema kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kukubaliana juu ya jambo lolote la mpira.

"Mwanamke?" mtu mmoja wa Rovers akauliza.

"Wewe unaweza kueleza ofsaidi?" Mama Rael akamrushia kutoka ng'ambo. Jamaa akaanza kueleza, akafika katikati, akapotea. Watu wakacheka, na Nasambu akapewa kibendera.

Alivua kofia, akaifunga sketi vizuri, akakimbia kuuchukua mstari wake. Kitambaa cha kibendera kilikuwa kimechanika pembeni, lakini alipokishika tu, mkono ulikumbuka. Dakika ya nane mshambuliaji wa Rovers aliotea kwa nusu hatua, kibendera kikapanda. Huruma wakashangilia. Dakika ya ishirini akaotea tena, kikapanda tena. Viti vya plastiki vikaanza kunung'unika. Lakini dakika ya thelathini Rovers walifunga bao ambalo Chuma wote walipiga kelele kuwa ni ofsaidi, na Nasambu akasimama kimya, kibendera chini, kwa sababu beki wa kushoto, yule fundi wa jiko, alikuwa amebaki nyuma akifunga kamba ya kiatu. Bao likakubaliwa.

"Nasambu!" Mama Rael akalia. "Na chapati zangu!"

Wakati wa mapumziko refa Kiprotich alimletea maji. "Umejifunzia wapi?" akauliza. "Kwa baba," Nasambu akasema, na refa akaitikia kwa kichwa kwa heshima kana kwamba ametajiwa chuo kikuu.

Kipindi cha pili Chuma walikuwa wakishambulia upande wake. Sasa aliwaona karibu, akawasikia wakihema. Obonyo alikuwa na kidonda cha moto mkononi, cha kazi, na kila alipokumbana na beki alikificha kifuani. Dakika ya sitini wakasawazisha kwa mpira uliogonga watu wanne na pengine hata mti, na Huruma wakavamia uwanja mpaka refa akawafukuza. Kitu fulani kilimruka Nasambu kooni. Alikohoa, akafikiri ni vumbi, ingawa mvua ya jana haikuwa imeacha vumbi mahali popote.

Zikabaki dakika mbili. Kiungo wa Chuma akapiga mpira mrefu nyuma ya mabeki. Obonyo alikuwa huko peke yake. Aliutuliza kwa kifua, akamwacha kipa ameketi chini, akausukuma wavuni kwa utulivu wa mtu anayefunga lango jioni.

Na Nasambu akapiga kelele.

"Ndiooo!"

Ilitoka yenyewe. Ilitoka tumboni, mahali ambapo hakujua kuna sauti. Miguu ilikuwa tayari imeondoka chini. Na akiwa bado hewani, ndipo macho yake, macho aliyopewa na Mwalimu Walubengo tangu darasa la sita, yalipomletea habari ambayo yalikuwa yameiona sekunde tatu nyuma: mpira ulipopigwa, Obonyo alikuwa amemzidi beki wa mwisho kwa mguu mzima.

Akatua. Uwanja mzima wa upande ule ulikuwa umekumbatiana. Refa Kiprotich alikuwa amegeuka kumtazama, filimbi mdomoni, akingoja.

Mkono haukutaka. Aliusikia ukikataa, mzito kama umebeba ndoo. Angeweza kuuacha ulale tu kando ya paja. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa beki mmoja wa Rovers aliyekuwa akilalamika, na walalamikaji hawakosekani.

Akainua kibendera.

Sijui niseme kelele iliyofuata ilikuwa ya namna gani. Refa alipuliza, bao likakataliwa, na dakika mbili zikaisha moja kwa moja. Viti vya plastiki viliimba. Huruma walisimama tu, wakimtazama mpangaji wao. Nasambu alibaki mahali pake, kibendera mkononi, na Obonyo akamjia kwa hatua ndefu. Refa akaanza kukimbia kuwatenganisha.

"Madam," Obonyo akasema taratibu, "niambie ukweli. Ilikuwa ofsaidi?"

"Ilikuwa. Mguu mzima."

"Mguu mzima?"

"Mzima, Obonyo. Kwa nini hukungoja? Ungengoja kidogo tu! Kidogo tu!"

Obonyo akainama kumtazama vizuri. "Sasa mbona unalia?"

Nasambu akajipapasa usoni, akakuta ni kweli. Obonyo akageuka kuwatazama watu wa Huruma, uso umefunguka, akapaza sauti hadi ng'ambo.

"Analia! Jamani, analia! Huyu ni wetu!"

Mama Rael alinuna mpaka Jumatatu jioni. Siku hiyo aligonga mlango na sahani yenye chapati moja. "Nyingine utapata tukishinda," akasema, akaketi kitandani kama kawaida.

Kazini hali ilikuwa mbaya zaidi. Mzee Kipkirui alimlaki na chupa mbili za mursik, akimwita mwokozi wa Rovers mbele ya wapakiaji wote. Nasambu alimwacha amalize, kisha akazisukuma zile chupa zimrudie.

"Mzee, mimi ni Chuma."

Mzee akazitazama zile chupa. "Umetuokoa halafu unatukimbia?"

"Sikuwaokoa. Ilikuwa ofsaidi."

"Na ungejua wewe ni Chuma kabla ya kuinua, ungeinua?"

"Nilijua kabla," Nasambu akasema. "Kama nukta moja hivi."

Mzee Kipkirui akafikiri. Akachukua chupa moja, akaacha moja mezani. "Hii ni ya hiyo nukta," akasema, akaenda zake stoo.

Refa Kiprotich alipompigia kumuomba aendelee kushika kibendera msimu mzima, alikataa.

"Lakini ulitenda haki," refa akasema.

"Mara moja, mwalimu. Ya pili siiwezi."

Kisha akampigia baba yake Kimilili, akamwambia yote, mpaka ile kelele.

"Hiyo timu," baba akauliza, "inashindaga?"

"Hapana, baba."

"Basi pole sana," akasema, na Nasambu akasikia kuwa mzee anajizuia kucheka.

Wiki iliyofuata Chuma walicheza na timu kutoka Langas. Nasambu alisimama na Huruma, kati ya Mama Rael na fundi mmoja wa radieta, shingoni skafu ya rangi ya kutu ambayo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini ndiyo rangi ya klabu. Dakika ya kumi Obonyo akaotea. Aliotea vibaya, hatua mbili kamili, mbele ya macho ya kila mtu, na mshika kibendera, kijana mwembamba wa watu, akainua kibendera chake kama ilivyompasa.

"Wee!" Nasambu akapaza sauti, akisukuma watu ili afike kwenye mstari. "Wee kijana! Una macho kweli? Ofsaidi gani hiyo? Mama yako anajua unafanya kazi hii?"

Mama Rael akamvuta skafu. "Nasambu. Hiyo ilikuwa ofsaidi."

"Najua, Mama," Nasambu akasema bila kugeuka, na akaendelea kumfokea.