Wimbo wa Nzuzi

Nzuzi alifariki katika mvua za Novemba, kwa malaria ya siku tatu tu. Alikuwa na miaka tisa. Pacha wake, Nsimba, alibaki, na mama yao watu waliendelea kumwita Mama Mapacha, maana hapa Kinshasa mwanamke aliyezaa pacha jina hilo halimtoki hata akizika mmoja.

Baba yao, Lusala, alikuwa mwimbaji wa bendi yetu pale Lemba. Mimi nilipiga gitaa la solo. Kwa miezi miwili hakuimba hata neno. Kisha mchana mmoja akaja mazoezini na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, akaketi juu ya kreti la bia, akatuimbia. Ulikuwa wimbo wa polepole, beti sita. Ndani yake alikuwamo mtoto anayeogopa radi, anayechambua samaki wote kwenye pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, kabla wenzake hawajanawa mikono, anayemkumbusha baba viatu alivyomwahidi. Mpiga ngoma wetu, mtu anayecheka hata msibani, alitoka nje akakaa huko muda mrefu.

"Mzuri," alisema Bokanga, kiongozi wetu na mwenye vyombo. "Mzuri sana, kaka. Sasa sebene iko wapi?"

Sebene ni pale gitaa linapochangamka, maneno yanakwisha na watu wanaacha viti.

"Huu hauna sebene," Lusala akasema.

"Utaimbia nani? Siku hizi redioni wanaanzia katikati. Ukumbini ukiimba dakika mbili watu hawajainuka, wanahamia baa ya jirani."

"Ni mwanangu, Bokanga."

"Najua ni mwanao. Jeneza si nilibeba mimi? Unataka jina lake lisikike, au lioze kwenye hiyo karatasi?"

Lusala aliikunja karatasi. Akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, vidole vyangu vilikuwa vimeshapata kitu: nota nane tu, nyepesi, zinazozunguka. Nilizipiga kujaribu. Wote wakainua vichwa. Mpiga besi akaingia bila kuambiwa.

Siku ya kurekodi, beti sita zilikuwa zimebaki mbili. Bokanga akamleta Eboma, kijana wa kupiga kelele za kuchezesha, asiyejua wimbo ulihusu nini. Alisikia jina, likamkolea. "Nzuzi! Nzuzi! Shuka, shuka, shuka chini! Nzuzi, inuka!" Akabuni na mtindo wake: unakunja magoti hadi karibu na ardhi, unatetemeka, kisha unaruka.

Lusala alikuwa upande wa pili wa kioo. "Mwambieni asiseme inuka," alisema.

"Hapo ndipo penye utamu," Bokanga akamjibu.

Kufikia Pasaka wimbo ulikuwa kwenye teksi, saluni, harusi, kila mahali. Ulianzia palepale gitaa langu linapoingia. Kwamba kuna beti, wengi hawakujua. Watu walimsimamisha Lusala barabarani wamwoneshe wanavyoucheza.

"Papa Nzuzi! Hebu tazama, nimeweza kushuka?"

"Umeweza," alikuwa akisema.

Alikwenda redioni kuomba waupige tangu mwanzo. Nilimsindikiza. Mtangazaji, kijana mwenye adabu, alimpa kiti chake mwenyewe.

"Mzee, nilijaribu Jumatatu. Watu wakapiga simu kuuliza rais amekufa au vipi."

Tulirudi kwake kwa miguu. Uani, redio ya jirani ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, na watoto kama kumi wamefanya duara. Katikati alikuwa Nsimba. Alishuka, akatetemeka, wenzake wakampigia makofi, "Nzuzi, inuka!", akaruka huku akicheka. Tangu Novemba sikuwa nimemwona akicheka.

Mama Mapacha alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Mkataze," alimwambia mumewe.

"Mkataze wewe."

"Nilimkataza jana. Akaniambia, 'Mama, wakiimba hivyo ni kama wanamwita.' Ningemjibu nini?"

Nsimba alimwona baba yake, akaja mbio, akamshika mkono.

"Papa, njoo! Wanasema hujui kuucheza."

"Nimechoka, mwanangu."

"Mara moja tu. Wananicheka, Papa! Wimbo si wetu?"

Akamvuta. Mtu mzima yule, mwenye shati la kanisani, akavutwa hadi katikati ya duara, na watoto wakashangilia. Alinigeukia kama anayeomba nimwambie la kufanya. Mama Mapacha aliingia ndani akafunga mlango.

Lusala akaanza kukunja magoti.

Nilitaka kwenda kuizima ile redio. Nilibaki pale kwenye geti, nikishangaa mguu wangu wa kulia, uliokuwa ukipiga mapigo chini na kukataa kutulia.