Wimbo wa Mama wa Mchimbaji

Mwongozaji alitaka kuufuta wimbo wangu, ule wa mama anayemlilia mwanawe aliyefukiwa mgodini. Bila wimbo huo, tamthilia yetu ya muziki ingebaki ngoma tupu.

"Watu wana shida zao, mdogo wangu. Wanakuja kucheza, wewe unawapa matanga!"

"Basi waitie bendi ya harusi," nikamjibu.

Shangazi, kama tulivyomwita sote mwigizaji wa nafasi ya mama huyo, alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, viatu mkononi. Tulikuwa tukifanya mazoezi tangu asubuhi.

"Nyie majogoo, mkimaliza kuwika mniambie. Niuimbe mara moja nikalale."

Hakusimama. Sauti ilikuwa imemwishia, basi akayasema maneno tu, taratibu, kama anayemwita mtoto aje kula. Mpiga ngoma alisahau kuingia. Fundi wa taa alishuka ngazi akasimama.

Alipomaliza, mwongozaji alijifuta uso kwa shati.

"Wimbo unabaki," alisema. "Lakini hivyo hivyo, bila muziki."

Katika usemi ule, vina vyangu havikusikika hata kimoja, nami nilivitolea jasho. Sikubisha. Nilimpelekea shangazi maji.